Mlango uko upande gani? Mawazo yetu juu ya motokari ya masomo



Tangu siku ile Komite ya Wazazi ilipotangaza kwamba inataka kununua bisi ndogo, na kwamba Land Rover yetu itauzishwa ili falanga zitoshe, dortuari ya wavulana haina usingizi. Saa tatu ya usiku taa imekwisha kuzimwa, lakini sauti zinatoka kila kitanda. "Bana, iko Hiace, miliona picha yake mimi mwenyewe!" Mwingine anajibu: "Apana, Hiace ni ya duba-duba, sisi tunaomba Coaster." Wa tatu, ambaye hajagusa volani hata siku moja, anatufundisha motere ya Mercedes. Kazi yetu sisi makapita ni kunyamazisha watu. Lakini namna gani utanyamazisha watu wanaosema jambo unalolipenda wewe kuliko wao wote? Tangu udogo wetu tunakaa kando ya njia na kuhesabu motokari zinazopita, na tulijua kusoma neno Toyota mbele ya kujua kusoma jina letu. Basi tumeona vizuri mambo haya yatoke kitandani, yaandikwe hapa, wakubwa nao wasome.

Wazo letu tunalitia mbele, mtu asipoteze wakati. Bisi inatakiwa, na inatakiwa upesi. Lakini isinunuliwe kwa macho. Na Land Rover isiuzishwe.

Kwamba bisi inatakiwa, ni nani atabisha? Mwaka uliopita finalisti walipokwenda kufanya Egzamina ya Leta mjini, walipanda juu ya kamio ya makala. Walifika kituoni na mashati meupe yamekuwa ya rangi ya chini ya sufuria. Wasichana walikaa juu ya magunia wakishika kamba njia nzima. Mwaka huu finalisti ni sisi, na kusema kweli hatutaki kamio.

Lakini tunaomba watu waelewe bisi hizi zinatoka wapi. Motokari nyingi za okazio tunazoziona Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zilitumika kwanza Japani. Kule serikali inapima motokari kwa ukali. Ikiwa mupya inapimwa kiisha miaka mitatu, na toka hapo kila miaka miwili, na kupimisha ni bei kali. Basi mwenyewe anaona afazali kuiuzisha ingali na nguvu. Inatiwa katika meli, inashuka Dar es Salaam, inafuata njia ya Tunduma, inakata Zambia mpaka kufika Kasumbalesa. Ni karibu kilometa 2000, na nyingi zinakuja kwa magurudumu yao wenyewe. Hatuzizarau. Motokari iliyofanya safari ile bila kulala njiani imekwisha kufanya egzamina yake.

Shida ni hii. Japani wanatembeza motokari upande wa kushoto wa njia, sawasawa na Tanzania na Zambia. Sisi Kongo tunatembea upande wa kuume. Pale Kasumbalesa kila kitu kinageuka, isipokuwa motokari yenyewe, ambayo haijui kama imevuka mpaka. Volani yake iko kuume, na shofere anakaa karibu na majani, haoni kama kuna kamio inakuja anapotaka kupita mwenzake. Ndiyo sababu mafundi wa mjini wanahamisha volani, wanaitoa kuume na kuitia kushoto. Iko kazi ya akili. Fundi mwema anatafuta vyuma vya upande wa kushoto vilivyotoka kiwandani. Fundi wa haraka anakata chuma na kukiunga kwa moto, anapaka rangi nyeusi juu, na wewe hutaona kitu mpaka siku utakapokata kona mbele ya mto. Kwa hiyo mtu akisema "volani imekwisha kuhamishwa" bado hajasema kitu. Sherti tulale chini ya motokari na tochi tuone ilihamishwa namna gani.

Hata hivyo volani ni jambo dogo mbele ya mlango.

Katika Hiace iliyotengenezwa kwa njia za Japani, mlango wa wasafiri ni ule wa kusukuma, nao uko upande wa kushoto. Kwao ni vizuri kabisa, kwa maana bisi inasimama ukingoni kwa kushoto, na mtu anashuka pembeni, mbali na hatari. Sasa leta bisi ileile hapa kwetu. Inasimama ukingoni kwa kuume, mlango unafunguka, na mtoto wa mwaka wa kwanza anashuka wapi? Anashuka katikati ya njia, begi mgongoni, akitazama viatu vyake, mahali kamio za migodi zinapita na mzigo wa shaba. Fundi anahamisha volani kwa siku chache. Mlango unabaki palepale. Wengine wanakata mlango mupya upande wa kuume, lakini bodi ya motokari ya namna ile inashikwa na ubavu wake, na kukata ubavu ni kukata nguvu.

Ziko Hiace zilizotengenezwa tangu kiwandani kwa nchi zinazotembea kuume kama sisi, kwa mfano zile za Dubai. Zile mlango wao uko upande unaotakiwa. Kwa kawaida bei yao inapanda zaidi, na hapo ndipo Komite itasikia tumbo kuuma. Sisi tunasema: afazali bisi ya rangi mbaya, ya viti vilivyopasuka, lakini mlango uko kuume. Viti tutashona wenyewe. Wasichana wa kupe na kutuwa wanajua, na wavulana watajifunza.

Kiisha mlango, taa. Taa ya motokari haitupi mwanga sawa pande mbili. Ile ya Japani, ukiishusha, inaonyesha zaidi ukingo wa kushoto, maana kule ndiko watu wa miguu wanatembea. Hapa kwetu mwanga ule unaingia katika macho ya shofere anayekuja mbele. Mmekwisha kusikia watu wakitukana usiku katika njia ya Likasi, wakifikiri mwenzao amekataa kushusha taa? Mara nyingine ameshusha. Ni taa yenyewe haikuzaliwa kwa njia hii. Kubadili taa si bei kubwa sana, lakini hakuna mtu anayefikiri jambo hilo, kwa sababu motokari nyingi zinanunuliwa mchana.

Na mipira. Hapa tunaomba kila mwanafunzi, hata asiyependa motokari, atoke dakika tano aende kuangalia mpira wowote. Ubavuni kuna tarakimu nne katika kiduara kidogo. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 3214, mpira ule ulitoka kiwandani katika juma la 32 la mwaka 2014, na hata kama meno yake yangali marefu, kauchu yake imezeeka na kupasuka ndani. Wauzaji wanaipaka dawa nyeusi inang'aa kama kiatu cha siku ya Mungu. Tulifanya zoezi hili kwa duba-duba tatu sokoni, na mashofere wawili walitufukuza. Wa tatu alikaa chini akaangalia pamoja nasi, akatikisa kichwa.

Tena Hiace nyingi zilitengenezwa kwa kubeba mizigo. Viti vinatiwa baadaye, huku na huku, kwa kuunga juu ya bati la chini, na mikaba hakuna. Mkaba wa kushika kifua na kiuno ulitengenezwa na Nils Bohlin, fundi wa Volvo, katika mwaka 1959, na kampuni yake ikaacha viwanda vingine vyote viufanye pasipo kulipa. Imepita miaka zaidi ya sitini. Katika duba-duba mahali pa mkaba pameketi mtu wa ine. Tena kumbukeni kwamba katika Hiace motere iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo mbele ya magoti ya shofere hakuna kitu isipokuwa bati na kioo. Wale wanaopigania kiti cha mbele waendelee kupigana, sisi tutakaa nyuma.

Sasa tuseme kidogo juu ya macho, kwa maana tulisema isinunuliwe kwa macho. Hatudanganyi mtu. Jipu nyeupe ile ya V8 ikipita na vioo vyeusi, na sisi tunageuza kichwa mpaka shingo inalia. (Hapa kwetu kila motokari ya juu inaitwa jipu, hata kama Jeep yenyewe ni ya Marekani, ya vita ya 1941, na haina undugu na Toyota.) Motokari ni kitu kizuri. Mtu asiyesikia furaha akisikia motere ya silindri sita ikiamka asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba, tunamuonea huruma. Lakini tumeona desturi moja inakua kati yetu wanafunzi, nayo haitupendezi. Tunajua majina yote, tunajua bei zote, tunajua ni mkubwa gani anatembea na nini, na hakuna anayejua kupima mafuta ya motere. Siku ile Land Rover ilipozimika mbele ya refektware, wavulana ishirini walizunguka wakitoa mashauri. Aliyeona kwamba waya ya batri imelegea ni msichana wa mwaka wa tano, ambaye baba yake ana garaji. Alikaza kwa mkono, akaenda kula. Wale ishirini wakasema ilikuwa bahati.

Tufike basi kwa Land Rover.

Wengi wanaicheka. "Ile motokari ya bazee, inatembea kama kasha la misumari." Ni kweli ina makelele. Ni kweli ukinyeshewa ndani yake unalowa karibu sawa na aliye inje. Motere yake ya mazuti, lita 2 na robo, ina nguvu kidogo kuliko vimotokari vingi vya teksi vya leo. Mlima ukiwa mrefu unaweza kushuka, ukachuma embe, ukapanda tena. Haya yote tunakubali.

Lakini mjue ni kitu gani mnachokicheka. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam katika mwezi wa ine, mwaka 1948. Vita ilikuwa imekwisha majuzi, na Uingereza chuma kilikuwa kikigawanywa kwa vipimo. Aluminiamu ilipatikana zaidi. Kwa hiyo wakafanya bodi kwa aluminiamu, ambayo haipati kutu. Shida ya wakati ule ndiyo inatufaa sisi hapa leo: bodi ya motokari yetu imekula mvua za miaka na miaka na bado haina tundu la kutu. Shasi ni ya chuma, ile inaoza, na Baba shofere anaipaka mafuta machafu ya motere kila mwanzo wa mvua. Yetu ni ya Seri ya tatu, ile iliyotengenezwa toka 1971 mpaka 1985. Ndani yake kuna kichwa cha manjano cha kusukuma chini, na kirungu chekundu cha kuvuta. Cha manjano kinaamsha magurudumu ya mbele ili yote mane yavute. Chekundu kinatia mwendo wa chini, ambapo motokari inakwenda polepole kama mama mwenye mtungi kichwani, lakini inapita mahali kamio imelala.

Toka kwetu mpaka gudroni ni kilometa 12. Wakati wa kipwa hata baiskeli inapita ikiimba. Lakini katika mwezi wa kwanza na wa pili mnajua wenyewe pale bondeni panakuwaje. Mwaka jana, usiku, mwenzetu wa internati alishikwa na tumbo mpaka akawa anatoka jasho la baridi. Infirmie alisema sherti afike lopitalo mbele ya asubuhi. Mvua ilikuwa imeanza saa kumi na moja. Sisi wane tulikwenda pamoja naye nyuma, tukimshika asigonge kichwa. Pale bondeni Baba shofere alisimama, akashuka, akaingia majini na fimbo kupima urefu, akarudi, akasukuma cha manjano, akavuta chekundu, hakusema kitu. Maji yaliingia kwa milango yote miwili. Tulipofika daktari alisema ni apandisi, wakampasua usiku uleule. Leo yuko klasini, na yeye ni mmoja wa wale wanaosema Land Rover iuzishwe! Tulimuuliza sababu. Akasema: "Iliniumiza mgongo." Tulicheka wote.

Hiace haipiti pale bondeni usiku ule. Hatuna haja ya kubishana. Magurudumu yake ya nyuma tu ndiyo yanavuta, na tumbo lake liko karibu na udongo. Kama Land Rover imeuzishwa, katika miezi ya mvua tutakuwa na bisi nzuri inayongoja gudroni, na mgonjwa anayengoja jua. Wazazi wengi wanakaa mjini, wanakuja kutuona wakati wa kipwa, kwa hiyo hawakuiona njia hii katika sura yake ya mwezi wa pili. Si kosa lao. Lakini wanaoijua njia ni sisi, walimu na Baba shofere, na hakuna aliyetuuliza.

Mtu atasema: piyesi za Land Rover ni ngumu kupata, kiwanda kiliisha kuacha modeli ile, kwa nini kushika mzigo wa chuma? Ni neno lenye uzito. Jibu letu ni kwamba motokari ile inafunguliwa kwa funguo za kawaida, na vitu vingi fundi wetu wa hapa anavichonga au anavitengeneza tena. Bisi mupya ya sasa ikikataa kuwaka, fundi anatafuta mashine ya kompyuta ya kuiuliza inaumwa wapi, na mashine ile iko mjini. Ikiwa sherti Land Rover iuzishwe siku moja, basi inunuliwe kwanza motokari ya kazi yake, kama Land Cruiser ya seri ya 70, ambayo inatengenezwa tangu 1984 na hata leo wanaitengeneza. Lakini bei ya ile tumeiuliza kwa mtu mmoja mjini, na tuliporudi tulikaa kimya katika njia nzima.

Wako na wale wenye kusoma mingi, wanaosema tusinunue kitu, tungoje motokari ya umeme. Tunapenda mawazo yao, na hatusemi ni ndoto. Motokari ya kwanza kupita kilometa 100 kwa saa ilikuwa ya umeme, na mwendeshaji wake alikuwa Mbelgiji, Camille Jenatzy, katika mwaka 1899. Ilikuwa na sura ya risasi na jina lake lilikuwa La Jamais Contente, jina ambalo tungewapa watu fulani wa mwaka wa tatu. Na batri nyingi za siku hizi zinataka kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, upande huu wetu wa Kolwezi na Likasi. Makamio tunayoogopa njiani yanabeba kitu hicho. Inatuuma kuona kobalti inapita mbele ya masomo kwenda kutembeza motokari za watu wengine, na sisi tunasubiri okazio yao. Jambo hili tunataka kuliandikia ukurasa wake, maana ni kubwa. Lakini kwa sasa umeme wa masomo unakatika mara tatu kwa juma, na bisi ya umeme italala garajini pamoja na friji ya jikoni. Egzamina haitangoja.

Kwa hiyo tunaomba Komite mambo haya. Isimtume mtu mmoja kwenda kununua. Amfuate Baba shofere, ambaye kwa ajabu hakuitwa katika mkutano wa motokari. Afuatwe na fundi asiye rafiki ya muuzaji. Motokari ionekane mchana, halafu ionekane tena usiku ili taa zijulikane, na itembezwe ikiwa imejaa watu, maana freni ya bisi tupu inadanganya. Falanga zikipunguka, sisi finalisti tuko tayari kulima shamba la mihogo la nyuma ya kapela mpaka mwezi wa tano na mavuno yauzishwe. Tumekwisha kupiga hesabu: hayatatosha bei ya Land Rover, lakini yanatosha mipira mine na mikaba.

Komite itakutana Jumamosi ya pili ya mwezi unaokuja. Baba Prefe ameturuhusu kutuma wajumbe wawili, mvulana na msichana, wenye karatasi ya maulizo. Ulizo la kwanza limeandikwa tayari, ni lile la juu ya ukurasa huu. Mwenye ulizo lingine ampe kapita wa klasi yake mbele ya Jumatano, kwa maandiko yanayosomeka. Na tafazali, maulizo ya rangi ya bisi tumekwisha kupokea kumi na saba, yanatosha.